Mbao za Kuziba Ngazi

Geita
11 Februari 2024

Mpendwa Mayu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mama yangu, na goti limetulia. Sisi hatujambo. Loveness ameanza chekechea na anakataa kuvua sare hata akilala. Baba yake, Eustace, yuko salama na kazi zake za mgodini.

Naandika kwa sababu wewe, mwalimu, hutaki habari kubwa ziletwe kwa simu. Nyumba imeshaezekwa. Chini kuna sebule, jiko na chumba kimoja. Juu vyumba vitatu. Ngazi nachora mwenyewe, maana ndiyo kazi inayonilisha: wafanyabiashara wengi wa dhahabu wanaojenga maghorofa hapa wanapanda ngazi nilizochora mimi. Hizi zangu zitakuwa za wazi. Chuma kimoja kinapanda katikati, juu yake mbao za mninga za kukanyagia, na kati ya ubao na ubao hakuna kitu, mwanga unapita. Hata sebule ndogo inaonekana kubwa.

Chumba cha chini ni chako. Nimekiandika kwenye mchoro: Chumba cha Mama. Baba ametuacha mwaka wa nne sasa, usiendelee kukaa peke yako. Njoo uishi nasi moja kwa moja.

Binti yako,
Serafina


Mhunze, Kishapu
3 Machi 2024

Mwanangu Serafina,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Goti linasema mvua inakuja, mvua yenyewe haisemi kitu. Pamba imesimama kinyonge, lakini imesimama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea baba yako mdogo Maganga. Nakubali. Mji huu nimemkabidhi yeye mbele ya ukoo, maana kijana wake anaoa na hana pa kumweka mke. Nimekabidhi nyumba, zizi na shamba. Sitaki kuishi mguu mmoja huku, mwingine huko.

Ngazi zako zimenichekesha. Miaka thelathini nimefundisha darasa la tatu, sijawahi kusikia mtu anayelipwa kwa kile ambacho hakukiweka. Ila nikukumbushe jambo. Zamani mama mkwe hakulala kabisa kwa mkwe wake. Hilo tumelegeza, maisha yamebadilika. Lakini mimi nipande juu ya kichwa cha mkwe wangu, yeye ameketi chini anaona miguu yangu kati ya mbao, hilo siwezi, na wewe unajua kwa nini, nilikufundisha kwamba mkwe huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Nitalala chini, sawa, lakini naye akipanda mimi nikiwa sebuleni ni yaleyale. Ziba nyuma kwa mbao, mwanga upite dirishani kama kwa watu wengine.

Nitakuja Julai, tukishavuna. Nitaleta michembe ya viazi vitamu.

Mama yako


Mhunze
21 Julai 2024

Mwanangu Serafina,

Hujambo, na mjukuu wangu na watu wa hapo hawajambo? Mimi nilifika salama, ila basi liliharibika Kahama.

Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Chumba cha chini nilikikuta na meza yako ya kuchorea, begi langu likapelekwa juu. Ngazi ziko wazi katikati ya sebule, na Eustace, ambaye sina ugomvi naye, kiti chake kiko karibu chini yake, penye televisheni. Siku ya kwanza nilingoja jikoni mpaka alipotoka ndipo nikapanda. Ya pili ilikuwa Jumapili, hakutoka. Nikajifanya napika mpaka nikaishiwa cha kupika. Ya tatu alirudi mapema mimi nikiwa juu, nikashinda huko na njaa yangu, nikimwambia Loveness kwamba nimefunga. Ya nne nikapanda basi.

Sikulaumu. Mtu akisoma sana mengine humtoka. Ziba tu hizo ngazi na uhamishe meza. Fundi wa mbao atamaliza kwa siku mbili. Lakini usichelewe, mwanangu. Mkamwana wa Maganga ameshaingia chumbani kwangu, nami nalala stoo pamoja na mbegu za pamba. Sina nyumba nyingine zaidi ya hiyo yako.

Mama yako


Geita
25 Agosti 2024

Mpendwa Mayu,

Shikamoo. Pole sana na usumbufu. Sisi wazima, Loveness anakuulizia kila siku.

Kuhusu ngazi, nikueleze kitaalamu. Kile chuma cha katikati kimepigiwa hesabu ya mbao za kukanyagia na watu wanaopanda, basi. Nikiongeza mbao za kuziba itabidi kichomelewe upya. Halafu wateja wanakuja kuziangalia, nyumba hii ndiyo sampuli yangu. Na chumba cha chini kina unyevu, niliogopea goti lako.

Eustace anakusalimu sana. Mambo ya miguu na nini yeye hayajui kabisa. Ni Mhaya, tena amekulia mjini, anashangaa kwa nini uliondoka. Vumilia kidogo, tutaona mwakani. Nimekutumia blanketi kwa kondakta.

Binti yako,
Serafina


Mhunze
22 Septemba 2024

Serafina,

Blanketi limefika. Afya yangu usiniulize leo.

Alikuja hapa fundi wa kuchomelea, Donatus, kuweka nondo kwenye madirisha ya ghala la pamba. Aliposikia mimi ni mama wa nani akasema ndiye aliyechomelea ngazi zako. Nikafurahi kama mjinga. Nikampa uji, nikamuuliza kama chuma kile kitabeba mbao za kuziba. Akanitazama. Akasema, "Mama, mbona mbao zilikuwepo? Mwezi wa nne alibadilisha mchoro, akataka pazibwe. Chuma nikakiongezea nguvu, mbao zikakatwa zote kumi na sita. Mwezi wa tano akasema tuache wazi, na chumba cha chini kiwe ofisi. Zile mbao ziko stoo kwake mpaka leo."

Nimekaa na maneno hayo siku tano. Umeniandikia kwamba Eustace hajui mambo ya miguu, na nakuamini. Basi katika nyumba ile hakuna aliyejua kwamba ngazi zitanitoa isipokuwa wewe. Mume wako angenifukuza kwa mdomo, ningemjibu na yangeisha. Wewe umenifukuza kwa heshima niliyokufundisha mwenyewe, ukanitumia na blanketi juu yake. Nimesalitiwa na mtoto niliyemzaa. Kama nimekosea, nijibu.

Mama yako


Geita
8 Desemba 2024

Mayu,

Shikamoo, kama bado utaipokea kutoka kwangu. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Hujakosea. Mwezi wa tano Eustace alisema hawezi kuishi na mama mkwe, niamue. Namna ya kufanya hakuniambia, hiyo niliitafuta mwenyewe. Kukuandikia usije nilishindwa, ulikuwa umeshakabidhi mji. Nikaona nikiziacha ngazi wazi utaondoka kwa miguu yako, na hakuna atakayesema Serafina amemfukuza mama yake. Nilidhani hata wewe hutajua. Nina aibu, Mayu, siwezi kuieleza.

Sasa nimeziba. Nilisimama na fundi mpaka ubao wa mwisho. Eustace nimemwambia unakuja, akanuna, nimemwacha anune. Meza nimeitoa, chumba kina kitanda na neti. Njoo. Au niruhusu nije Krismasi na Loveness, nikupigie magoti.

Binti yako,
Serafina


Mhunze
12 Januari 2025

Serafina,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Mimi mzima. Maganga amenijengea chumba kimoja nyuma ya zizi, kina mlango wake.

Uliomba kuja Krismasi nikanyamaza. Niliogopa kukujibu kwa hasira nikatamka neno ambalo mama akishalitamka halirudi. Nimeshakwenda kwa padri, nimekusamehe. Lakini kwako siji.

Ukitaka kuja wewe, tufanye hivi. Tangulia kutuma mtu aniambie, nijiandae. Usiingie ndani, utawekewa kiti uani na chakula chako utaletewa peke yako. Hatutashikana mikono. Tukikutana njiani mmoja wetu atapisha. Loveness aingie, ale nami, alale nami, yeye ni mjukuu wangu.

Utasema nimekuchukia. Sivyo. Haya yote umeyajua tangu utoto, na unajua huwa tunamfanyia nani. Mtu huyo hatumchukii hata kidogo. Tunamheshimu sana, ila hatulali naye nyumba moja.

Ni mimi, mkweo,
Apolonia