Sehemu ya Kumi na Moja

Jumatatu, 8 Machi 1999
Kazini saa mbili. Fomu ya chuo cha uuguzi, sehemu kumi na moja za kujaza. Kumi zimo tayari kwenye mfumo wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ya mwisho, S.L.P., naiunda mwenyewe: bosi anataka izuie mtu kuomba mara mbili. Ofisi ina watu watatu wenye digrii. Wote wananitazama mimi, wa kidato cha nne na kitabu cha fotokopi.

Jumatano, 10 Machi
Imekubali. Mistari thelathini na minane ya programu. Sanduku likishatumika, fomu ya pili inakataliwa kwa maandishi mekundu. Nimeijaribu kwa masanduku hamsini ya kubuni. Hamsini kwa hamsini. Hata asante sikupewa.

Jumatatu, 15 Machi
Karani wetu, Mama Akoth, anaingiza fomu za karatasi. Nyekundu tupu.
"We Mutua, hii mashine yako imetuona sisi wote wezi?"
Nikamjibu achape, asinifundishe kazi. Zilizokataliwa anatupa kwenye katoni. Amri ya bosi.

Ijumaa, 19 Machi
Maombi yamefungwa. Fomu 640. Zimepita 231. Katoni ina 409. Haiwezekani wadanganyifu wawazidi wakweli.
Nimeifungua. Fomu za mitaa yetu: Jericho. Pumwani. Baba Dogo. Majina tofauti, vitambulisho tofauti, sanduku lilelile: la kanisa, la shule, la kiwanda anakofanya baba. Nani huku ana sanduku lake? Hata barua ya kuniajiri ilipitia kanisani. Nilijua hayo yote. Sikuyafikiria.
Fomu ya kumi na saba ni ya Mwende. Dada yangu. Bayolojia, A.

Jumatatu, 22 Machi
Kurekebisha kumechukua dakika nne. Sasa inaangalia kitambulisho, sanduku iliache. Bosi anasema majina yamepelekwa chuoni, nafasi zimejaa, na mimi ndiye niliyesema inafanya kazi. Kweli nilisema. Namchukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 25 Machi
Mwende karudi kutoka kanisani kuulizia barua ya chuo, mikono mitupu, siku ya nne. Nikamwambia yote.
 Akauliza kama mwaka ujao fomu itakuwa ileile. Nikasema nimeshaibadilisha.
"Sawa, kaka."
Akachukua beseni, akatoka kuanika nguo. Nilimsaidia kushika shuka upande mmoja.