Kandambili Ndani ya Pikapu

Nyumbani,
Chumba cha uani, nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako, fundi mpya wa ukoo huu. Usicheke kwanza, soma hadi mwisho. U hali gani huko? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha, au mmeshazoeana? Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi tu, na kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi, tunamhesabu mzima.

Najua hukutegemea barua kutoka kwangu. Ulizoea kusema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Lakini haya ya leo simu isingeyabeba. Simu anashika Mama, na ukipiga, Baba hukaa pale pale akijifanya anapiga randa ubao ambao alishaumaliza jana.

Habari yenyewe ni ya pikapu. Siku hizi inaitwa Kinanda, jina imepewa na watoto wa mtaa. Unakumbuka ilivyokuwa ikilia kidogo nyuma, upande wa kulia? Basi mlio ule ulikua ukawa mtu mzima. Baba akipeleka kabati, mteja anafungua geti kabla hajapigiwa honi. Watoto wanakimbia nyuma wakiiga, nyii-kwee, nyii-kwee, na Baba anaendesha akitazama mbele kama aliyemeza rula.

Jumatatu akatangaza kwamba imetosha, mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi aikokote. Nikamuuliza kwa nini tusiipeleke gereji kwanza. Akasema hana gari la kupeleka gereji, ana chuma cha kuuza. Nikaona huyu mzee leo ana lake, maana gari hilo ndilo linalobeba kazi zake zote, na wewe na mimi tumejifunzia gia humo humo.

Mdomo wangu unaujua. Nikasema mbele ya Mama na mafundi wote wawili wa karakana kwamba nitainyamazisha kabla ya Jumamosi, na nikishindwa nirudishwe shule nikakae dawati moja na watoto wa darasa la tano. Baba alinitazama kitambo, kama mtu anayetaka kukataa akakosa sababu. Mwisho akasema, "Haya, Domo. Jaribu."

Nikaingia chini na kopo la oili chafu. Nikamwagia springi, pini, shokamzoba, na shati langu. Kinanda kikanyamaza. Jioni ile nilipita mtaani kifua mbele, hata salamu nilipokea kwa kidevu. Asubuhi kikaanza upya, na sasa kilikuwa na sauti mbili.

Nikaenda kwa Babu Spana, yule fundi wa gereji ya kona. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia oili inakula mpira, na kwamba anayemwaga kila mahali hatajua palipokuwa panauma. Nioshe vyote kwa sabuni vikauke, kisha nilowanishe kiungo kimoja kwa maji, nitikise gari, nisikilize, ndipo niende kingine. Akanipa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja niweke sikioni na nyingine niiguse chuma. Kaka, mimi niliyekimbia shule nimekuwa daktari, tena wa wagonjwa wasiodanganya.

Mama ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Alikaa kwenye ukingo wa bodi nyuma, akawa anajirusharusha. Nilipomuuliza goti, alisema goti halihusiki, kazi hii inafanywa na kiungo kingine. Siku mbili tulizunguka hivyo. Upande wa kushoto wote, si penyewe. Shokamzoba, si penyewe. Ijumaa mchana nikalowanisha mwisho wa springi ya kulia, pale inaposhikana na chesisi, na mlio ukakatika. Nikamwambia Mama aendelee. Akaendelea, kimya. Akashuka mwenyewe akainama kutazama kama bado nipo.

Nikapiga jeki, nikafungua nati kwa spana na maneno machache ambayo Mama alijifanya hakuyasikia. Mle ndani, pahali pa bushi, ule mpira wa kuzuia chuma kisisuguane na chuma, palikuwa na vipande vitatu vya mpira wa buluu vimebanwa pamoja, vimekatwa duara safi, tundu katikati. Sikuhitaji kufikiri. Kaka, ni kandambili ya Mama, ya kulia, iliyopotea wiki uliyoondoka. Mimi ndiye niliyesingiziwa. Nilifagia uwanja mwezi mzima kwa ajili ya kandambili ambayo ilikuwa inatembea mjini na Baba kila siku.

Nilicheka, kisha nikaacha. Nilikumbuka Baba alivyokuambia mbele ya watu, kwa ule mlango wa kabati uliouunga, kwamba kazi zako zote ni viraka, na wewe ukafunga begi. Nikaona akikiona kiraka chako hiki, ndiyo kwisha, atasema si nilisema. Nikakitia mfukoni, nikaweka bushi mpya aliyonipa Babu Spana, na Mama nikamwambia ilikuwa kutu tu.

Jumamosi Baba akaendesha, mimi pembeni. Tukapita matuta yote mpaka sokoni na kurudi. Kimya kabisa, hata nilisikia saa yake ya mkononi. Nikaanza kujisifu, jinsi kutu ilivyokuwa sugu na jinsi nilivyoiweza. Aliegesha, akazima, akanyoosha kiganja.

"Lete hicho kilicho mfukoni."

Nikampa. Hakushangaa. Akafungua kijidroo cha dashibodi, akatoa bushi mpya ingali ndani ya karatasi yake, karatasi imeshafifia. Kumbe wiki ile ile uliyoondoka aliingia chini mwenyewe, akaona, akakaza nati ilivyokuwa. Bushi akanunua kesho yake, na imekaa humo miaka miwili.

"Nilitaka kubadilisha," akasema, "mkono ukakataa."

Kwa hiyo mzee huyu alikuwa tayari kuuza gari zima kuliko kutoa kandambili yako kwa mkono wake. Na wewe husema asiye na akili nyumbani ni mimi. Mnunuzi alipofika na mnyororo wa kukokotea, Baba akamwambia amekosea nyumba. Kile kipira sasa kiko kwenye benchi lake, karibu na penseli, na hakuna anayeruhusiwa kukisogeza.

Mama anakusalimu sana. Anasema kandambili ya kushoto bado anayo, ukija uje na mwenzake. Shangazi anakusalimu, na mafundi wote wawili pia. Baba hakutuma salamu. Ametuma swali: "Muulize alikata na nini, hata ikawa duara namna hii."

Usinijibu mimi. Simu ya Mama siku hizi inashinda juu ya benchi la Baba, kwa sababu, anasema, pale mtandao unakamata vizuri.

Haukamati.

Mungu akutunze huko, na barabara ya kurudi akusafishie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyefagia uwanja bure,

Domo