Bomba Mgongoni mwa Nyaga

Jumapili, Kanja. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Wenzangu wote wameenda kanisani. Mimi nimebaki chumbani na moyo mbaya.

Jana nilimwonea wivu mtu aliyelala hospitalini, mtu asiyeweza kushika kikombe bila mkewe kumsaidia.

Nimeliandika ili nilitazame vizuri. Leo bado ni kweli.

Mtu huyo ni Nyaga. Tunafanya kazi pamoja kwenye shamba la majaribio ya kahawa. Kahawa yetu ina adui, kunguni mdogo mwenye madoa, anayenyonya matunda mabichi mpaka buni zinaharibika ndani. Miezi michache iliyopita ililetwa dawa mpya kutoka ng'ambo, kwenye madebe yenye picha ya fuvu la kichwa. Haina hata jina bado, ina namba tu. Haiwezi kuuzwa kwa wakulima mpaka wakubwa wa Nairobi wajibiwe maswali yao. Inaua kunguni kweli? Inaunguza majani? Inakaa muda gani juu ya matunda kabla mvua haijaiosha? Nyuki wanaokuja kwenye maua wanapatwa na nini? Na mtu anayeipulizia, anabaki mzima? Bwana Shamba, Mzungu anayetusimamia, alituambia siku ya kwanza kwamba jibu moja likikosekana, dawa inabaki kwenye debe.

Kazi yangu ni kunguni. Natandika turubai chini ya mti uliopuliziwa, nangoja, kisha napiga magoti na kuhesabu waliokufa. Nahesabu pia nyuki walioanguka mbele ya mzinga uliotundikwa kando ya shamba. Mzinga huo ulinyamaza zamani. Nimelitoa jibu hilo, limeandikwa, na hakuna aliyenipa mkono kwa sababu yake.

Kazi ya Nyaga ni bomba.

Ni bomba la shaba la kupulizia dawa, jipya, linang'aa mgongoni mwake. Amepewa ovaroli, kofia, glavu na buti. Wageni wakija wanampiga picha yeye. Akianza kupiga mkono wa bomba, chwii, chwii, akina mama wanaopalilia wanainua vichwa kumtazama. Wanamwita "Ndagitari wa kahawa," yaani daktari. Mimi nikiwa nimepiga magoti na wadudu wangu, wananipita kama kisiki.

Ninamzidi Nyaga shule. Nilifika hapa kabla yake. Nimetoka mbali, Mikinduri, na tangu Hali ya Hatari itangazwe kwa sababu ya Mau Mau siwezi kwenda kumwona mke wangu bila barua ya ruhusa, na barua yenyewe nanyimwa mara nyingi kuliko ninavyoipata. Nyaga kwao ni hapa hapa, ng'ambo ya kijito, katika kile kijiji kipya ambamo serikali iliwakusanya watu na kuwazungushia handaki. Mchana mkewe, Mama Ireri, anamletea uji wa mtama kwenye kibuyu. Anakunywa huku anacheka. Mimi natafuna mahindi ya jana.

Nilikuwa nauchukia hata mlio wa kile kicheko.

Kisha Bwana Shamba akatangaza kwamba majaribio yakiisha, mmoja wetu atapelekwa chuo cha kilimo. Hakutaja jina. Lakini alisema huku anamtazama Nyaga, na mimi macho ninayo.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Nilimchunguza Nyaga kama ninavyowachunguza kunguni. Nilitaka kuona kosa. Nikaliona.

Jua likiwa kali alikuwa anavua glavu. Kisha anafunga mdomo wa bomba kwa mikono mitupu, na mikono hiyo hiyo anashika kibuyu. Baadaye nikaona zaidi ya kosa. Nikamwona anajiegemeza kwenye mti na kufumba macho. Nikamwona anatema mate, anatema tena, kama mwanamke mwenye mimba changa. Jumatano nilisimama karibu naye nikaona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na siku hiyo kulikuwa na mawingu mazito, wakati mboni hutakiwa kupanuka.

"Nyaga, wewe unaumwa."

"Kichwa tu. Ni jua."

"Leo hakuna jua. Mwambie Bwana Shamba."

Akanivuta kando, mbali na akina mama. Akasema polepole, "Kirimi, wewe ni Mmeru, huku si kwenu. Hujui maisha ya ndani ya lile handaki. Nikienda chuo, nitapewa nyumba. Nitamtoa Mama Ireri na watoto pale. Nikisema dawa imenishinda, watatafuta mtu mwingine." Kisha akacheka kile kicheko chake. "Na huyo mtu mwingine anaweza kuwa wewe."

Niliondoka pale nikiwa nimefungwa kamba. Nikinyamaza, mtu atakufa na dawa itaandikwa kuwa ni salama, kisha atakuja kuinunua mzee fulani wa Laare, kule kwetu Meru, au wa hapa Kanja, ambaye hana glavu wala buti, ataichanganya kwa mkono kwenye sufuria. Nikisema, kila mtu atajua kwa nini nimesema. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui ni kwa nini nataka kusema.

Mtu anaweza kusema kweli kwa moyo mchafu? Ikisemwa hivyo, inabaki kweli?

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Bwana Shamba. Nilivua kofia nikamwambia yote: mate, macho, glavu. Kila siku kabla ya kazi yeye humuuliza Nyaga hali yake, kwa sababu hilo ni moja ya yale maswali ya Nairobi, na kila siku huandika anachojibiwa. Safari hii akamwita mbele yangu.

"Nyaga. Kirimi nasema wewe gonjwa. Kweli?"

Nyaga akasimama wima kama askari. "Mimi mzima kabisa, Bwana. Kirimi ana wivu. Anataka bomba."

Bwana Shamba akanitazama. Sikuweza kumtazama usoni, na yeye akadhani ni aibu ya mwongo.

"Wewe rudi kwa dudu yako," akaniambia. Akaingia kwenye gari lake akaenda Embu mjini.

Nilirudi kwenye turubai langu. Masikio yalikuwa yanawaka. Kilichoniuma si kwamba Nyaga alisema uongo. Kilichoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa kweli.

Kabla ya saa ya chakula mlio wa bomba ulikatika.

Nilisikia mama mmoja anapiga kelele. Nilipofika, Nyaga alikuwa chini kati ya mistari miwili ya kahawa, bomba likiwa bado mgongoni, dawa inavuja shingoni. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Povu kinywani. Nyama za mikono na mashavu zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi zenyewe, kama kuna kitu kinatembea ndani. Kila pumzi ilikuwa na maji.

Siku madebe yalipofika Bwana Shamba alitusomea maagizo: nguo zivuliwe, mwili uoshwe kwa sabuni, upesi. Sikukumbuka kingine. Nilizikata kamba za bomba kwa kisu, nikamvua ovaroli, nikawaambia akina mama walete maji ya kijitoni na wageuze nyuso. Nikamwosha. Mimi, niliyemchukia, nilimsugua shingo, kwapa na kucha kwa sabuni ya kufulia kama mama anavyoosha mtoto, huku namwambia, "Vuta pumzi, Nyaga. Vuta, wewe mjinga. Vuta."

Tulimlaza kwenye turubai langu la kunguni, tukamfunika blanketi kutoka ghalani, tukalishika turubai pembe nne, mimi na wafanyakazi watatu, tukaanza kukimbia kuelekea hospitali ya misheni. Kufika huko ni lazima kupita mbele ya lango la kijiji. Askari wa ulinzi, kijana mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, akatuzuia na bunduki.

"Barua ya ruhusa iko wapi?"

"Hatuna. Bwana Shamba hayupo. Mtu anakufa."

Akamchungulia Nyaga, mtu aliye uchi chini ya blanketi, anatokwa na povu. "Huyu amelewa. Mchana kweupe! Nani amepika pombe?"

"Si pombe, afande. Ni sumu ya kahawa. Mnuse kinywa."

Aliinama akanusa. Pombe ina harufu yake, na kila askari anaijua. Hii ilikuwa kama ya kitunguu saumu kilichooza. Akaruka nyuma. Wakati huo Mama Ireri alikuwa ametoka langoni na kibuyu cha uji mkononi. Alipoona miguu ya mumewe kwenye turubai, hakulia. Alikiweka kibuyu chini, akamshika yule askari bega.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi namjua mama yako. Tupishe."

Askari akatupisha. Akafanya zaidi: alisimama katikati ya barabara akalisimamisha lori la mchinjaji mmoja Mwislamu wa Embu, lililokuwa limebeba mbuzi. Mchinjaji alimwangalia Nyaga mara moja tu, akasema, "Bismillahi, mpandisheni," akawashusha mbuzi wake pale barabarani, akamwachia yule askari awachunge.

Daktari wa misheni aliziona zile mboni za macho akauliza swali moja: alikuwa anapulizia nini? Nikamtajia namba ya dawa. Alimchoma sindano, akangoja, akamchoma nyingine, na nyingine. Jioni ilipoingia, Nyaga alikuwa anapumua vizuri, pumzi zake hazina maji tena. Mama Ireri ndipo akakaa chini, akalia.

Hayo yalikuwa ya Alhamisi. Hapo nilidhani wivu wangu umekufa. Mtu hawezi kumsugua mwenzake kwa sabuni akabaki na kinyongo, ndivyo nilivyojiambia.

Jana Bwana Shamba alinichukua kwenye gari lake tukaenda hospitali. Tulikuwa na mkubwa mmoja kutoka Nairobi, mzee mwenye miwani, aliyekuja kwa ajili ya jambo hili tu. Njiani Bwana Shamba aliniambia, "Kirimi, Alhamisi mimi nakosa. Wewe sema kweli." Ni maneno makubwa kwa Mzungu. Nilingoja yaendelee. Hayakuendelea.

Wodini walivuta viti wakakaa karibu na kitanda cha Nyaga. Yule mkubwa alikuwa na maswali mengi. Kichwa kilianza kuuma lini? Alikuwa anakula saa ngapi baada ya kupulizia? Mate yalianza kabla ya macho au baada? Aliuliza kwa heshima, na kila jibu aliliandika. Mimi nilisimama karibu na mlango nimeshika kofia za watu.

Kisha Nyaga akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alijitahidi kuinuka, Mama Ireri akamshikilia mgongo.

"Bwana," akasema, sauti kama ya mzee, "yale ya nyuma yote yafutwe. Kila asubuhi nilisema mimi mzima. Nilidanganya. Nilianza kuumwa tangu wiki ya kwanza. Kirimi aliona, akasema, nikamtukana."

Nilijua anachokitupa. Mtu aliyeharibu majaribio ya serikali kwa uongo hatapelekwa chuo. Pengine hata kazi hatarudishiwa. Na yeye alijua. Nilimwona anamtazama mkewe kwanza kabla ya kusema.

Yule mkubwa alivua miwani akaifuta. Alisema kwamba ukweli huo, ingawa umechelewa, ni wa thamani kuliko kunguni wote waliokufa. Majaribio yamesimamishwa. Madebe yamefungiwa ghalani, na kwa kadiri neno lake litakavyosikika, dawa hiyo haitafika mkononi mwa mkulima asiye na viatu. Halafu akamgeukia Bwana Shamba wakasemezana Kiingereza, nami Kiingereza hicho nilikielewa vizuri. Alisema wanahitaji mtu wa kuwafundisha wakulima kuiogopa sumu. Nani atafundisha vizuri kuliko huyu? Apone kwanza, kisha aende chuo.

Nyaga hakuelewa mpaka alipotafsiriwa maneno hayo. Mama Ireri alifunika uso kwa leso.

Na mimi pale mlangoni, na kofia za watu mikononi, nilihisi kile kitu kinarudi kifuani, kizima, kina nguvu kuliko zamani.

Chuo ni kitu kidogo. Nilimwonea wivu ule ukweli wake. Mimi nilisema kweli Alhamisi na ilikuwa na doa; ndani yake kulikuwa na bomba la shaba. Yeye alisema kweli jana na hakuwa na la kupata, alikuwa na la kupoteza tu. Natamani ningekuwa mimi niliyesema maneno yale, hata kama ningeyasema kutoka kwenye kitanda kile, na sindano zile.

Nilipokuwa natoka aliniita. Nikainama. "Umeniosha hata masikio," akasema. "Mama Ireri anasema hajawahi kuniona safi hivi." Akajaribu kucheka, akakohoa. Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Nilisema, "Pona," basi.

Manyunyu yameacha. Nawasikia watu wanarudi kutoka kanisani, wanaimba njiani. Bwana Shamba amenipa barua ya ruhusa ya kwenda hospitali Jumanne. Wivu huu ningependa kuuacha nyumbani siku hiyo, lakini naujua, hautakubali kubaki peke yake. Basi twende wote wawili. Bora nifike, nikae kwenye kiti kile, nimshikie kikombe.