Udongo wa Kwenye Buti

Hokianga, 4 Aprili

Binti yangu Ngahuia,

Hujambo huko Perth? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Mwandiko ni huu huu wa kuku, vumilia.

Jumapili kaka yako Tipene alitupeleka sote kwenye msitu wa ile miti mikubwa ya kauri. Njia ya mbao, dakika ishirini, hata kigari cha mtoto kinapita. Matembezi ya wavivu, yaani yangu. Ila sikuingia. Unajua pale getini lazima usugue viatu, maana matope ndiyo yanayobeba ugonjwa unaoua kauri. Na buti zangu bado zina udongo wa kaburi la mama yako. Mikono niliinawa tulipotoka makaburini, kama kawaida yetu. Buti sikuzigusa.

Tipene akasema, "Mzee, sugua twende."

Nikamwambia, "Kamsugue mama mkwe wako."

Wakaingia. Nikabaki kwenye benchi, nikala mikate yao yote ya kukaanga. Sikusikia kitu, hata shibe.

Baba yako

Perth, 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu.

Tipene kanipigia. Anasema umeziweka buti sebuleni na hutaki mtu azipitie karibu. Baba, si uvae viatu vingine? Mimi sikuja kumzika mama, kwa hiyo sina mdomo, najua. Lakini nani alikuwa anasimama getini kila Jumamosi na brashi, akiwafokea wageni? Si mama huyo huyo? Wewe angekurudisha wa kwanza.

Mwanao, Ngahuia

Hokianga, 19 Agosti

Ngahuia,

Salamu. Magoti hayajambo, yanakuuliza wewe.

Nilikaa miezi mitatu nimekukasirikia, maana ulisema kweli. Juzi nilikwangua ule udongo kwa kisu cha siagi. Nikataka kukutumia. Dada wa posta akasema, "Babu, Australia hawapokei udongo." Nikamwambia wanapokea watoto wetu tu. Basi nikaurudisha kaburini.

Jana nilisugua buti, nikaingia na wenzangu. Mjukuu kanishika kidole. Ule mti mkubwa aliokuwa akiulinda mama yako uko pale pale, mnene kama nyumba. Tipene alilia, mkewe akalia. Mimi niliwapiga picha watalii fulani.

Njoo, mwanangu. Uje umlilie mama yako. Mimi bado sijaweza.

Baba