Spika ya ukumbini

Kinyozi, weka mkasi chini usome. Nimejiaibisha.

Si unajua leo ni siku yangu ya kuwafunza wale vijana wa shule uongozi? Kabla hawajaingia ukumbini nikajikwaa kwenye waya, spika ikaanguka, ikafa. Nikairudisha juu ya meza, nikanyamaza. Mimi!

Vijana walipokwisha kuingia, mwalimu mkuu akaja, akauliza nani kaivunja. Mara yule binti, kiongozi wao, akasimama: "Kosa la kundi ni la kiongozi, mwalimu. Niadhibu mimi."

Maneno yangu hayo! Nimewaimbisha mwezi mzima!

Mwalimu mkuu akamvua uongozi palepale, kisha akanigeukia: "Fundi, angalau huyu umemfunza vizuri."

Nikasema asante. Asante, Kinyozi!

Kutoka nje namkuta anafagia uwanja, adhabu yake. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Akaegemea ufagio, akaniangalia. "Nilikuwa dirishani, mwalimu. Nilikuona ukiiangusha. Nilidhani utasema."

Nilidhani utasema! Bora angenitukana.

Sasa niko mlangoni kwa mwalimu mkuu, kama mtoto mtoro. Nimeshabisha hodi.