Jina la Shosho Nyaguthii

Halima, uko? Tumetoka kwa daktari saa hii na siwezi kuongea, wacha niandike tu.

Unajua mama hukasirika nikimuuliza mbona sikupewa jina la shosho, mama yake mzazi. Leo nimejua.

Ilikuwa 1984, hapa hapa Eldoret, kwa kile chumba cha nyuma ya duka la mbegu. Shosho Nyaguthii alikuwa kitandani, anatetemeka, hata watoto wake amewasahau. Nyanya yake, ambaye yeye alipewa jina lake, alikufa vivyo hivyo. Watu wakasema ugonjwa unafuata jina.

Halafu mimi nikazaliwa, msichana wa pili, na kwa desturi yetu wa pili huitwa jina la mama ya mama yake. Mama akasema hapana. Huyu ataitwa Wacera, kama shangazi yake.

Shosho, na kichwa chake hicho, hilo peke yake akalielewa.

"Kwa hivyo nikifa, nimeisha?"

Wakamzika kabla mama hajamjibu.

Sasa mama mwenyewe ameanza kutetemeka. Halima, unajua alimwambia nini daktari?

"Lakini mimi siitwi Nyaguthii."

Daktari akashusha kalamu. "Mama, huu ugonjwa unarithiwa kwa damu. Jina halina makosa."

Jina halina makosa!! Akasema hata mimi nipimwe. Mama hakusikia hiyo. Alisema tu, "Basi nilimnyima bure."

Tangu tutoke huko ananiita Nyaguthii. Sijui ni kichwa kimeanza kupotea ama anamwomba mama yake msamaha.

Mimi naitika tu.