Siku Meno ya Hariri Waliporudi Erie

Jumapili, 15 Desemba

Makubwa! Lyle kaninunulia tiketi za bendi ya Meno ya Hariri. Lyle! Mume wangu huyuhuyu anayezima redio wimbo wao ukianza tu. Tamasha ni Jumamosi jioni, ukumbi wa mjini hapa Erie. Kila mtu aje na mwanasesere au kigari kwa ajili ya watoto wasio na kitu, kama kila Krismasi. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema kwani hawezi kumfurahisha mkewe. Hakuniangalia. Alikuwa anakung'uta theluji kwenye viatu.

Kaseti yangu ya nyimbo zao, ya mwaka 1988, ninayo bado. Nikiisikiliza nafumba macho, siku zote. Nikiyafumbua naona sinki na vyombo vichafu. Nikiyafumba namwona Rex Valor, mwimbaji wao, nywele hadi kiunoni! Lyle anajua. Nilimwambia waziwazi siku ya kwanza tulipotoka pamoja: mwenye sauti ile akiniita, naacha kila kitu namfuata. Alicheka. Nadhani alicheka.

Jumatano, 18 Desemba

Darla anakuja nasi. Tunapika naye kwenye jiko la shule, hana breki mdomoni. Kanunua makopo matatu ya dawa ya kupulizia nywele ili tuzisimamishe kama zamani. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake — ila wale wazee wa Meno ya Hariri zao wamenunua dukani. Nilicheka mpaka machozi.

Akamgeukia Lyle: na wewe utaimba, au utachezesha midomo kama kanisani? Kweli jamani. Miaka thelathini na minne ya ndoa, sijamsikia akiimba hata "heri ya kuzaliwa". Lyle akachukua kofia, akaenda kuwasha gari lake la kazi, la kusukuma theluji barabarani. Zamu yake ilikuwa haijafika.

Jumapili, 22 Desemba. Asubuhi

Sijalala. Niandike tu.

Ukumbi ulijaa wazee wenzangu. Suruali za ngozi zinakataa kufunga, matumbo nje, wigi kila mahali. Lyle kavaa sweta lake la Krismasi lenye picha ya kulungu, lile lenye pua ya taa nyekundu inayowakawaka. Nilimsihi alivue. Akakataa.

Rex Valor akatoka. Loh! Wigi la njano, magoti mabovu. Na sauti — hamna. Jogoo mwenye mafua. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano, watu wanatazamana. Darla akaninong'oneza turudi nyumbani tukale keki. Moyo uliniuma haswa. Lyle akasema anakwenda kununua bia.

Ikafika zamu ya ule wimbo wa treni, wa taratibu, uliomo kwenye kaseti yangu. Wimbo wangu. Nikajiandaa kuona aibu. Rex akasogeza kipaza sauti mdomoni na sauti ikatoka — ileile! Nzima! Ya mwaka 1988! Ukumbi wote ukapiga kelele. Nikafumba macho. Nililia kama mtoto. Nikasema moyoni, Lyle asikose hili. Nikafumbua, kiti chake kitupu. Nikatoka kumtafuta kwenye foleni ya bia. Hayupo. Chooni, hayupo. Nikapita ujia wa pembeni mpaka nyuma ya jukwaa. Pazia lilikuwa limeachia kidogo.

Nikaona pua nyekundu. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima.

Lyle wangu. Na sweta lake. Kipaza sauti mkononi, mishipa ya shingo imemtoka, na ile sauti inatoka kwake. Kwake!

Nikasema kwa sauti, huyu ni mume wangu! Mzee mmoja wa kubeba nyaya akanishika mkono. "Shemeji, ina maana hujui? Kaseti yote ni huyu. Rex alikuwa na sura tu. Lyle alikuwa mbeba spika, wakamwimbisha, wakamsainisha karatasi asiseme. Sasa koo la Rex limekufa kabisa, akampigia amwokoe kwa wimbo huu mmoja."

Wimbo ukaisha. Lyle akageuka, akaniona. Pua bado inawaka.

Kurudi nyumbani nilikaa kiti cha nyuma na Darla.

Jumatatu, 23 Desemba

Lyle kalala chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupasha nyumba joto. Nilishuka saa mbili asubuhi nikamlipukia. Miaka thelathini na minne! Umeniacha nipende mdomo wa mwanamume mwingine ndani ya nyumba yako! Unanisikia nalia jikoni na kaseti, unakaa kimya!

Akasema zile karatasi za zamani si kitu, hakuwahi kuziogopa. Alichoogopa ni mimi. "Ulisema mwenye sauti ile akikuita unamfuata. Mke wangu, mimi nilitaka unifuate mimi. Mwenye meno yaliyopandana."

Nikauliza, basi unaimbia wapi? Kwenye gari la theluji, akasema. Akiwa peke yake, vioo vimefungwa.

Nikapanda juu nikampigia Darla, nikamweleza yote. Akasema: "Shoga, umelala na Meno ya Hariri bure miaka yote hii, unalia nini?" Nikacheka. Halafu nikalia tena. Nina hasira! Nampenda, na nina hasira.

Jioni nikamwambia: kesho kanisani uimbe. Kando yangu, kwa sauti, nikusikie. La sivyo nakwenda kwa dada yangu Cleveland, na sijui kama nitarudi. Akajibu: "Nikiimba, Charlene, sitajua tena maishani unamtazama nani, mimi au Rex."

Jumanne, 24 Desemba

Naandika nyuma ya karatasi ya ibada, kwa penseli ya kanisa. Saa kumi na moja jioni. Mkoba wangu wa Cleveland uko kwenye gari. Lyle kauona.

Amekuja na sweta lilelile! Pua kaizima, angalau.

Darla yuko benchi la nyuma, ananichokoa mgongoni.

Mishumaa inawashwa. Kinanda kimeanza. Watu wanasimama. Lyle amefunga kitabu cha nyimbo, amekiweka kwenye benchi. Mikono imeng'ang'ania benchi la mbele — mikono ya Lyle, inayoendesha gari la tani kumi kwenye barafu!

Ananitazama. Anavuta pumzi.

Na mimi niliyelazimisha, sasa naogopa. Mungu wangu. Sijui nifumbe macho kama siku zote, au nimtazame yeye. Ameanza kuimba!